Pambizo Alizozikata Mjalidi

Mjalidi hakufungua kitabu kabla ya kukinusa. Ukimpelekea kitabu chako kilichonyeshewa au kuliwa na mchwa, alikipokea kwa mikono miwili, akakipeleka puani, akafumba macho, na hapo ilikubidi usubiri. Mara ya kwanza nilidhani anasali. Kisha akasema, "Hiki kimekaa karibu na dagaa," na kweli kilikuwa kimekaa karibu na dagaa, nikaona haya mimi mwenye kitabu.

Jina lake nalijua, lakini sitalitaja, kwa sababu karibu hakuna aliyewahi kulitumia. Mlangoni kwake palikuwa na kibao cha bati kilichoandikwa MJALIDI, neno ambalo wengi wetu pale Shinyanga hatukuwa tumelisikia popote. Wapo waliodhani ndilo jina alilobatizwa. Wapo waliodhani ni kabila la watu wa pwani, na mama mmoja muuza mchicha aliwahi kuniuliza kama Wajalidi wanakula kambale. Nikamweleza kwamba mjalidi ni mtu wa kufunga vitabu: anashona karatasi, anatia gundi mgongoni, anavisha jalada. Akacheka. "Haa! Kumbe ni fundi cherehani wa vitabu." Nadhani jina hilo lilimfaa kuliko la kwenye kibao.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha uchapaji cha misheni, ukishika barabara ya kuelekea Kolandoto. Mashine zilikwishauzwa kama chuma chakavu, ila moja tu, ile ya kukatia karatasi, ambayo ilikuwa nzito mno wakashindwa kuitoa mlangoni. Ilikaa kwenye kona imefunikwa kaniki. Dirisha lilitazama mashamba ya pamba, na wakati wa mavuno nyuzi nyeupe zilipeperushwa na upepo zikaingia ndani, zikaelea kwenye mwanga wa saa nane mchana, zisitake kutua. Mwanga wa Shinyanga saa ile ni mweupe mpaka unachosha macho. Nilikuwa nakaa kwenye stuli, namsikiliza akishona, uzi ukipita kwenye karatasi kwa sauti ndogo, na usingizi unanijia taratibu kama ulioitwa. Sijawahi kulala vizuri popote kama nilivyosinzia pale. Hata leo, nikikosa usingizi kwangu Geita, huwa najirudisha kwenye stuli ile na mara nyingi inafaa.

Nilianza kwenda kwake nikiwa karani wa shule, nikipeleka rejista zilizochanika. Baadaye nikaolewa, nikahamia Geita, nikafungua duka la stesheneri pale Kalangalala, na bado kila nilipokwenda kusalimia nyumbani Shinyanga nilimpitia na mfuko wa mabaki ya karatasi. Alichambua mabaki yale kama mtu anayechagua mchele. Karatasi za siku hizi alizidharau. Alikuwa akiirarua kidogo, anaisikiliza, halafu anasema, "Hii ni ganda la kitunguu, Mama Kulwa. Itakufa kabla yako."

Gundi alijipikia mwenyewe, ya unga wa ngano, akatia mrututu kidogo ili mende wasiile. Sufuria ya gundi na sufuria ya uji zilifanana, na nimeshuhudia kwa macho yangu mgeni wa heshima akikaribishwa uji akapewa ile nyingine. Mjalidi aligundua kijiko cha pili. Alichosema ni, "Pole. Lakini tumbo lako sasa halitafunguka kurasa." Badala ya vyuma vya dukani alitumia ubavu wa ng'ombe aliouchonga na kuusugua hadi ukawa laini, na kwa ubavu huo alikunja karatasi maisha yake yote.

Alikuwa na misemo yake ya kazi, mingine haikuwa na maana nje ya chumba kile. "Gundi hufunguliwa na gundi," alipenda kusema. Nilichukua miaka kuielewa. Ukitaka kubandua karatasi ya zamani iliyogandia, huivuti wala huikwangui. Unaipaka gundi mpya juu, unaiacha, unakwenda kunywa chai. Ile mpya inailainisha ile ya kale, na mwisho karatasi inaachia yenyewe. Nilipoielewa nikaanza kuitumia kwa mume wangu akinuna, na nikiri kwamba haifanyi kazi kwa waume.

Msije mkadhani alikuwa mtu mpole. Ukikunja pembe ya ukurasa mbele yake alikufukuza, awe mchungaji awe diwani. Lamineti aliiita jeneza. Na pamoja na kuvipenda vitabu hivyo, sijamwona hata siku moja akisoma kimoja mpaka mwisho. Alisoma kurasa tatu za mwanzo na mbili za mwisho. Nilipomtania kwamba ni sawa na kula maganda ukaacha ndizi, alisema katikati ni mali ya mwenye kitabu. Tena alikuwa mwoga wa nyoka kupita kiasi. Hata nyoka wa kuchora alimwogopa. Na hapo ndipo penye kichekesho cha maisha yake, kwa maana kitu alichokihangaikia kuliko kingine chochote duniani kilikuwa daftari lililojaa nyoka.

Daftari hilo lilitunzwa kwenye kabati la misheni, kwenye chumba cha vitabu vya kale, na ufunguo alikuwa nao yeye. Nililiona mara nyingi. Lilikuwa la karatasi nene, limeandikwa kwa mkono na katekista mmoja wa zamani. Zamani hizo watu wa chama cha bayeye, wale wachezaji wa nyoka wa Usukumani, walikuwa na nyumba walimofundishia wanachama wapya, na kuta zake za ndani walizichora kwa udongo mweupe, mweusi na mwekundu: nyoka, watu, mwezi, wanyama, na vitu visivyojulikana. Nyumba zilikuwa za udongo. Mvua zikaja, wenyewe wakafa, kuta zikarudi kuwa ardhi. Leo ukienda huko unakuta shamba la mtama. Lakini katekista yule, mtu wa kanisa ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia watu waachane na mambo hayo, aliingia katika nyumba zile na penseli, akanakili kila alichokiona, akapaka na rangi zao zile zile, ukurasa mmoja picha moja. Pembeni ya kila picha, kwenye pambizo, aliandika kwa herufi ndogo: rangi imetengenezwa na nini, udongo umetoka wapi, picha inaitwaje, nani ameichora. Kwa nini alifanya hivyo hakuna aliyejua. Mjalidi aliziheshimu kurasa hizo sana, na kila alipofika kwenye picha ya nyoka aliifunika kwa karatasi nyeupe ili afanye kazi kwa amani.

Siku moja alifika mwalimu wa historia ya sanaa kutoka chuo fulani, dada mwenye miwani na rula ya chuma. Mjalidi alinisimulia siku hiyo si chini ya mara kumi, na kila mara alianzia kwenye rula. Dada yule aligeuza kurasa. Kisha akaweka rula, akapima ukurasa, akapima mwingine, akainamia maandishi ya pembeni. Akasema, "Mzee, hili daftari limekatwa."

Maneno kwenye pambizo yalikuwa yanaishia njiani. "Nyekundu: udongo wa kan." "Amechora mzee wa." Kulikuwa na picha moja hasa, duara lenye mistari iliyopinda ikielekea nje ya ukurasa, nusu yake haipo, na chini yake maneno: "Hii ni faha." Basi. Yule mwalimu akaeleza kwamba kuta zenyewe hazipo tena, kwa hiyo anayetaka kuandika habari za sanaa ile hana pa kushika isipokuwa daftari hili, na sehemu iliyokatwa ndiyo iliyokuwa na majibu. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama kuna anayejua ni nani aliyekata.

Mjalidi alijua. Alikuwa ni yeye.

Alikuwa kijana wakati huo, amejifunza kazi juzi tu, na ile mashine ya kukatia karatasi ilikuwa imewasili mpya. Akapewa daftari lililochakaa alifunge upya. Kingo zilikuwa zimechafuka na hazilingani, na yeye alitaka kazi iliyonyooka. Akaliweka chini ya kisu, akashusha mkono. "Lilikatika kama mkate, Mama Kulwa," aliniambia, akiangalia pembeni. "Nikalisifia. Nikawaita wenzangu waje waone." Wiki nzima alitembea kifua mbele.

Zile tepe za karatasi zilizobaki hakuzitupa. Karatasi nzuri haitupwi. Wajalidi huweka utepe wa karatasi mgongoni mwa kitabu, ndani, chini ya jalada, ili kukipa nguvu, na msimu ule alikuwa akifunga vitabu vya nyimbo vya watu wa ubatizo na rejista za ofisi mbalimbali. Tepe zote zenye majibu ya katekista zikaenda kwenye migongo hiyo, zikabandikwa, zikafunikwa, vitabu vikagawiwa, watu wakaenda navyo kwao. Tangu hapo vimekuwa vikiimbiwa na kuandikiwa na kuozea huko duniani, na hakuna mwenye kujua alichobeba.

Alama ilikuwa moja. Msimu ule uzi mweupe ulimwishia, akashona kichwa cha mgongo, pale juu uzi unapoonekana, kwa uzi wa bluu.

Kuanzia siku ya rula Mjalidi hakuwa mtu yule yule. Alianza kwenda kwenye nyumba za watu akitafuta uzi wa bluu. Ukienda kwenye msiba ungemkuta amekaa na wazee, macho yako kwenye rafu. Alijitolea kutengeneza vitabu vya kale bure, na alikirudisha kitabu kikiwa kizima kuliko kilivyotoka kiwandani. Watu wa kwetu wakipewa kitu cha bure huwa wanajiuliza. Wakasema anatafuta mali za Wajerumani. Kila mtu huku ana mjomba anayejua mahali Mjerumani alipozika sanduku, na mzee anayepasua migongo ya vitabu vya misheni atakuwa anatafuta nini kama si ramani? Yeye hakukataa wala hakukubali. Alikuwa na aibu ya kusema alichokifanya, na aibu ikimkaa mtu hata uvumi huwa nafuu.

Uvumi huo ulitufikisha Mwakitolyo. Mimi nilikuwa napeleka madaftari kwenye duka la rafiki yangu huko kwenye machimbo ya dhahabu, naye akaomba tuongozane kwa sababu alisikia mama mmoja anayewapikia wachimbaji ana kitabu cha nyimbo chenye uzi wa bluu. Kweli kilikuwapo. Mama akakubali kifunguliwe kesho yake. Jioni ile, huku karasha zikisaga mawe na vumbi likining'inia hewani kama pazia, mchimbaji mmoja aliyeitwa Masanja akaja kukaa karibu nasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, usinifiche. Humo mgongoni mna nini?"

Mjalidi, ambaye angeweza kusema hamna kitu tukalala salama, akafikiri kidogo. "Mna maandishi," akasema. "Yanasema udongo unapatikana wapi."

Nikamkanyaga mguu, lakini nilikuwa nimechelewa. Asubuhi tulikuta kitabu cha mama wa watu kimechanwa mgongo kwa kisu, na Masanja na wenzake wawili hawapo. Mjalidi alikaa chini pale pale kwenye kifusi, akakiweka kitabu mapajani. Sikujua nimfokee au nimpe pole, nikafanya yote mawili.

Utepe waliouchukua ulikuwa umeandikwa: "do ya mto, chini ya jiwe rire jeupe, chimba mkono mmoja." Wakalitafuta jiwe jeupe mpaka wakalipata, kando ya mto mkavu, wakaacha duara lao, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo, walilokuwa wakichimba wakaanzisha lingine pale. Walichimba wiki mbili. Masanja alikuja kumtafuta Mjalidi Shinyanga akiwa mwekundu hadi kwenye nyusi, na utepe ameukunja ndani ya kofia.

"Mzee, chukua kalatasi yako. Udongo ule hauna kitu."

"Ni mwekundu?"

"Mwekundu, mzee, haunawiki!"

Mjalidi akamwomba ndoo moja. Alipoletewa, akauponda, akauchanganya na maji na gundi kidogo, akaupaka kwenye kipande cha karatasi, akakiweka kando ya ile rangi nyekundu ambayo katekista mwenyewe aliipaka kwenye daftari. Ilikuwa ile ile. Alilia mbele yetu wote, mimi na Masanja, bila kujificha. Masanja akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee ni mgonjwa. Nikamwambia hapana, amepata alichokitafuta. Masanja akatikisa kichwa akasema kama hiyo ndiyo dhahabu ya vitabu, bora yeye arudi shimoni.

Mwaka hadi mwaka tepe zikaongezeka. Zingine alizipata zimeliwa, zingine zimechomolewa kwenye rejista za hospitali na kuandikwa majina ya wagonjwa juu yake. Kila aliyoipata aliibandika mahali pake kwenye daftari na kumwandikia barua yule mwalimu wa chuo, naye alijibu kila mara, na mwisho wa kila barua aliuliza: na ya duara je? Maana picha ile ndiyo iliyowagombanisha wataalamu. Wengine walisema neno ni "fahali", kwa hiyo duara ni ng'ombe dume ametazamwa kutoka juu na mistari ile ni pembe. Wengine walisema ni "fahari", kwa hiyo ni jua, au uwanja wa ngoma. Herufi mbili tu zilitosha kumaliza ugomvi, na herufi hizo zilikuwa mgongoni mwa kitabu fulani, mahali fulani.

Sasa niseme langu.

Mama yangu alibatizwa pale misheni msimu ule ule. Kitabu chake cha nyimbo kilikuwa na uzi wa bluu. Nilikuwa naujua uzi huo tangu utotoni, nilikuwa nauchezea kwa ukucha kanisani mpaka ananifinya. Mama alipofariki, ndugu waligawana vyombo na khanga, mimi nikachukua kitabu. Kilikuwa na doa la mafuta ya kichwa penye kidole gumba chake. Na kilikuwa na tabia moja: ukikiweka mezani na kukiachia, kilifunguka chenyewe kwenye wimbo aliokuwa akiimba akichambua dengu. Kila mara ukurasa ule ule. Nilikuwa nakifanya hivyo nikimkumbuka sana, nakiachia tu, nacho kinaniletea mama.

Mjalidi aliniuliza miezi michache baada ya msiba. Aliuliza kwa adabu, akikunja karatasi, haniangalii. "Mama yako naye alibatizwa hapa. Alikuwa na kitabu?"

Nilijua kitabu kikifunguliwa mgongo na kushonwa upya kinasahau. Kinafunguka popote. Nilikuwa nimemwona akifanya kazi hiyo mara nyingi mno kujidanganya. Nikasema, "Tulimzika nacho. Tulimwekea kifuani."

Ubavu wa ng'ombe ukasimama juu ya karatasi. "Basi amelala na kazi ya mikono yangu," akasema. "Wabeja." Ndiyo asante ya Kisukuma. Alinishukuru kwa uongo wangu, kisha akaenda kuchemsha chai.

Miaka ikapita. Kitabu kilikaa kwenye droo ya kaunta yangu Kalangalala, kati ya kalamu na karatasi za fotokopi. Niliendelea kumpelekea mabaki ya karatasi, nikazidisha hata, na kila aliponisomea barua ya mwalimu na kufika kwenye "na ya duara je?" mimi niliangalia nyuzi za pamba zikielea dirishani. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa pamoja. Nilijiambia ni herufi mbili tu, zitamfaa nani. Lakini nilikuwa nimeona uso wake siku ya udongo mwekundu.

Mara ya mwisho kumwona alikuwa amehamia kwa binti yake Kolandoto. Macho yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba hakunywa chai ila kwa kijiko. Daftari alikuwa nalo, limefungwa kwenye kaniki juu ya kitanda. Nilikaa, nikamwamkia, tukaulizana habari za watoto. Kisha nikafungua mkoba na kukiweka kitabu cha mama mikononi mwake.

Alikipeleka puani. Akafumba yale macho yasiyoona.

"Wino wa mashine ya fotokopi," akasema. "Kwa hiyo kilikuwa dukani."

Nikaanza kulia, nikamwambia nilimdanganya, anisamehe. Akanipapasa mkono. "Nilikuwa najua, Mama Kulwa. Ulikuja nacho kanisani Jumapili ya Matawi, mwaka uleule wa msiba. Nilikuwa benchi la nyuma yako. Uzi ule naujua."

"Sasa mbona hukusema, mzee? Miaka yote hii!"

"Kitabu cha mama wa mtu hakiombwi mara mbili."

Binti yake akapika gundi jikoni. Yeye hakuweza kushika kisu, hivyo akaniambia la kufanya, nami nikafanya. Nilikata ule uzi wa bluu. Nilivua jalada. Nikapaka gundi mpya juu ya ile kavu, nene, kama siagi kwenye mkate, kisha akasema tusubiri. Tulisubiri. Ilikuwa mchana, ule mwanga mweupe ulikuwa umejaa chumbani, na nadhani wote wawili tulisinzia kidogo, kwa sababu nakumbuka sauti ya mama akiimba na kunde zikianguka kwenye ungo, au dengu, na mtu akisema "sasa". Nikashika ncha ya karatasi. Ikaachia yenyewe.

"Soma."

"Imeandikwa: ri yetu."

"Ri?"

"Ri, mzee. Fahari yetu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Unamkumbuka huyu mtu anavyoandika? Jiwe rire! Chakura! Alipigwa na walimu kwa kusema 'kalibu', akaogopa, akaanza kuweka r kila mahali. Sasa ni fahari au ni fahali? Bado hatujui." Akafuta machozi ya kicheko kwa kiganja. "Na kwa Msukuma, tofauti iko wapi? Dume zuri si ndiyo fahari ya nyumba?"

"Kuna mstari mwingine chini," nikasema. Ulikuwa mdogo sana, nikausogeza dirishani. Daftari lote katekista aliandika Kiswahili chake cha r, lakini neno la mwisho la mstari huu lilikuwa la nyumbani. "Amechora mayu."

Mayu ni mama. Ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma.

Mjalidi hakucheka tena. Midomo yake ilikuwa ikirudia neno lile. Mtu wa kanisa, aliyeingia katika nyumba za wachezaji wa nyoka na penseli, akijua zitabomoka. Alikuwa amekwenda kunakili mkono wa mama yake. Na mtu mwingine, kijana mwenye mashine mpya, akaukata ili kingo zinyooke.

"Rudia," akasema. Nikarudia. Akaniomba mara ya tatu.

Kisha tukalifungua daftari kwenye picha ya duara, nikaubandika utepe mahali pake, na mstari uliopinda ukakutana na mwenzake. Niliandika barua ya mwalimu kwa kutajiwa neno kwa neno. Halafu akakumbuka kitabu changu kilicholala uchi juu ya khanga. "Kinataka utepe mpya mgongoni. Una karatasi?"

Nilikuwa nayo ya dukani, ganda la kitunguu. Hakuidharau siku hiyo. Nikakata utepe, na kabla ya kuubandika nikachukua kalamu nikaandika juu yake neno moja, lile la nyumbani la katekista, kwa mwandiko wangu. Sikumsomea. Nikashona kichwa cha mgongo kwa uzi mweusi, ndio pekee binti yake aliokuwa nao.

"Sasa hakitafunguka tena pale pake," nikamwambia. Nilitaka ajue nimelipa nini.

"Kitabu hujifunza kwa mkono," akasema. "Kifungue hapo kila siku. Kitajifunza."

Hatukuonana tena. Daftari limerudi kwenye kabati, na ubavu wa ng'ombe binti yake alinitumia kwa basi, umefungwa kwenye gazeti. Kila asubuhi nikifungua duka nakifungua kitabu kwenye wimbo wa mama, naubonyeza ukurasa kwa ubavu ule, ndipo nawasha mashine ya fotokopi. Juzi mteja alinisumbua na vyeti vyake nikakiachia juu ya kaunta bila kufikiri. Nilipogeuka kilikuwa kimefunguka chenyewe. Haukuwa wimbo ule. Ulikuwa wa ukurasa wa jirani.